Kabla hujalipia kabini ya meli, angalia utakula wapi

Wengi tukibuku safari ya meli tunaangalia dirisha na balkoni tu, kumbe kuna meli ambazo daraja la kabini ndo linaamua unakula wapi. Chukua Queen Mary 2 ya kampuni ya meli ya Cunard, ile inayovuka Atlantiki kati ya Southampton na New York. Ukichukua kabini ya kawaida, iwe ya ndani bila dirisha au hata yenye balkoni, dina yako ni Britannia Restaurant, ukumbi mkubwa kwelikweli. Britannia Club ni kabini za balkoni pia ila zina mgahawa wao mdogo, unaenda muda unaotaka ilimradi pako wazi, halafu juu kabisa ni Princess Grill na Queens Grill, hao kila mmoja na mgahawa wake na huingii kama hujalipia daraja hilo, hata uvae suti ya namna gani.

Sasa usidhani wa chini wanalala njaa jamani, bufee ya Kings Court ni ya wote na ishalipiwa kwenye tiketi, na binafsi naona hela ya kupanda daraja kisa msosi tu haina maana. Kinachouma ni mkisafiri ndugu halafu mmoja kachukua Grill mwingine Britannia, dina kila mtu kivyake, kwa hiyo ongeeni mapema. Steakhouse at The Verandah, mgahawa mwingine humo humo melini, inalipiwa pembeni, na soda na waini pia usihesabu kama zimo kwenye nauli.