Umeitwa kamati ya nidhamu chuoni, au una malalamiko na mwalimu? Fanya hivi

Hii naiandika kwa wanachuo wa hapa Tanzania na wazazi wenu pia, maana UE (mitihani ya mwisho wa muhula) zikikaribia tu meseji zinaanza, "kaka nimepewa barua nifanyeje", na ukiuliza kikao lini unaambiwa kesho asubuhi. Niliwahi kukaa kwenye hizo kamati kama mwakilishi wa wanafunzi, chuo sikitaji, na wengi waliopita mbele yetu walikuwa na hoja nzuri tu ila hawana karatasi hata moja mkononi, kila kitu walikuwa wameongea kwa mdomo na fulani ofisini, na huyo fulani siku ya kikao hayupo au hakumbuki.

Kwanza ujue kesi yako inapita mlango gani. Makosa ya mtihani, yani kukutwa na kikaratasi, kuingia na simu, kufanyiwa mtihani, kukopi kazi ya mtu, hayo kwa vyuo vingi yanashughulikiwa na upande wa taaluma na uamuzi wa mwisho unapitia Seneti, kikao kikuu cha taaluma cha chuo. Makosa ya tabia kama kupigana, wizi, kulaza mgeni hosteli, kuharibu mali au kumtukana mtumishi yanaanzia kwa Mshauri wa Wanafunzi (Dean of Students) alafu kamati ya nidhamu. Vitabu vyake ni viwili tofauti, kanuni za mitihani na sheria ndogo za wanafunzi, ile uliyosaini siku ya usajili bila kufungua ukurasa hata mmoja. Itafute leo, iko kwenye tovuti ya chuo au kaiombe ofisini. Vyuo vya kati viko chini ya NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), vyuo vikuu viko chini ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), majina ya vikao yanatofautiana ila mwendo ni ule ule. Na kudisko, yani kuondolewa chuoni, kwa sababu ya ufaulu mdogo sio nidhamu, hiyo usiipeleke kwa Mshauri ukategemea atakurudisha.

Sasa umekamatwa chumba cha mtihani. Usigombane na msimamizi, usikimbie, usichane kikaratasi wala usikimeze (wapo waliomeza, sitanii), maana kuharibu ushahidi kunahesabiwa kosa la pili na mara nyingi ndo linakuwa baya kuliko la kwanza. Utaletewa fomu ya tukio usaini. Hapa ndo watu wanaharibu, wanasaini wakiwa wanatetemeka bila kusoma. Isome yote. Kama imeandikwa "alikutwa na karatasi mkononi" na ukweli ni kwamba ilikuwa sakafuni kati ya deski lako na la mbele, andika hivyo hivyo hapo chini kwa mkono wako, weka saa, ndo usaini. Ukiambiwa endelea na mtihani, endelea, umalize. Ukitoka tu nje kaa mahali uchore kile chumba: ulikaa mstari wa ngapi, nani kushoto, nani nyuma, msimamizi alisimama wapi alipokuita. Usisubiri kesho, kesho utakuwa umeshaongea na watu kumi na kila mmoja ameongeza chumvi yake.

Barua ya wito ikija, andika juu yake tarehe na saa uliyoipokea. Alafu angalia vitu vitatu: inasema kosa gani, kifungu kipi, na limetokea lini na wapi? Ikisema tu "utovu wa nidhamu" bila maelezo, unaandika barua fupi kuomba ufafanuzi na kopi ya ushahidi, na kama muda ni mdogo unaomba kikao kisogezwe. Hiyo sio kiburi. Katiba ibara ya 13(6)(a) inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya rufaa pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama "au chombo kinginecho", na huwezi kujitetea kwa jambo ambalo hujaambiwa ni jambo gani.

Maelezo yako ya maandishi yasizidi ukurasa mmoja na nusu. Nimesoma maelezo ya kurasa nne yanayoanza na mama mjane na kuishia na Mungu awabariki, katikati hakuna hata mstari unaosema siku ile ilikuwaje. Andika hivi:

"Mimi mwenye namba ya usajili hii, tarehe hii saa 3:20 asubuhi nilikuwa chumba hiki nikifanya mtihani wa somo hili. Msimamizi aliokota karatasi sakafuni, mbele ya deski langu. Karatasi hiyo si yangu, na naomba mwandiko wake ulinganishwe na mwandiko wa kijitabu changu cha majibu. Aliyekaa nyuma yangu aliona inapookotwa na yuko tayari kuhojiwa."

Umeona, hakuna kilio, kuna kitu ambacho kamati inaweza kwenda kukiangalia. Ya mama mjane yana nafasi yake ila ni mwishoni, kama umekiri au umekutwa na hatia na sasa unaomba adhabu ipungue. Na kama kweli ulifanya, mi nashauri ukiri mapema, kwa kifupi, na useme ya kwako tu. Anayekana mpaka anaonyeshwa mwandiko wake mwenyewe ndo akakiri, huyo hata mwakilishi wa wanafunzi anakosa pa kumshikia.

Ndani ya kikao kuna mwenyekiti, wahadhiri kadhaa, mara nyingi na mwanasheria wa chuo, na mtu wa serikali ya wanafunzi. Huyu wa mwisho mtafute kabla, sio siku hiyo mlangoni. Kama aliyekushtaki ni mjumbe, sema mwanzoni kabisa, kwa heshima: "Mwenyekiti, naomba mheshimiwa fulani asishiriki uamuzi kwa kuwa ndiye mlalamikaji, na naomba iandikwe kwenye muhtasari." Wakikubali sawa, wakikataa sawa pia, ishaandikwa na utaihitaji huko mbele. Wakili vyuo vingi hawamruhusu ndani ila cheki sheria ndogo zenu, zingine zinaruhusu mtu wa kukusindikiza. Jibu ulichoulizwa, ukishajibu nyamaza.

Adhabu zinaanzia onyo, kulipa fidia, kutolewa hosteli, kufutiwa matokeo, kusimamishwa, mpaka kufukuzwa kabisa. Angalia usichanganye kusimamishwa kama adhabu na kusimamishwa kupisha uchunguzi, hii ya pili omba kwa maandishi uambiwe inaisha lini la sivyo utakaa nyumbani mwaka mzima unasubiri kikao. Na pita ofisi ya mikopo mapema, maana bumu (hela ya mkopo) linafuata hali yako ya usajili.

Rufaa ina siku zake, zimeandikwa kwenye barua ya uamuzi au sheria ndogo, na huwa ni chache. Usiandike "sikuridhika". Andika sababu: sikupewa ushahidi, shahidi wangu hakuitwa, adhabu imezidi ile ya kifungu husika, au kuna ushahidi mpya. Rufaa za ndani zikiisha bado kuna Mahakama Kuu, unaomba mapitio ya uamuzi, na kibali chake kinaombwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi. Ila majaji hawasahihishi mtihani wako, wanaangalia kama chuo kilifuata utaratibu, ndo maana nakwambia ule muhtasari una kazi. Huna hela ya wakili? LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) na TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake) wanatoa msaada wa kisheria.

Upande wa malalamiko. Kosiweki yako (alama za kazi na majaribio kabla ya UE) haionekani au umewekewa sifuri, anza na mwalimu wa somo, akikaa kimya nenda kwa mkuu wa idara, CR (kiongozi wa darasa) akiwa na taarifa. Beba kazi zako zilizosahihishwa na skrinshoti ya matokeo. Hili ni rahisi ukienda mapema, matokeo yakishapita Seneti kulirekebisha ni safari ndefu.

Rushwa ya ngono usiipitishe kwenye ngazi hizo, maana huyo mkuu wa idara anaweza kuwa ndo rafiki wa mwalimu anayekutaka. Ni kosa la jinai, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Piga 113 TAKUKURU, ni bure, au nenda dawati la jinsia la chuo kama lipo. Usifute meseji hata ile inayokuaibisha, na usibadilishe simu, TAKUKURU wanataka meseji zenyewe kwenye simu sio skrinshoti pekee. Na asikushauri mtu uende gesti "kumtega" peke yako, mtego wanaupanga wao, wewe unatoa taarifa kabla. Kumwanika mtandaoni napo subiri, kesi inaharibika na yeye anaweza kugeuka mlalamikaji kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Kila barua unayopeleka toa kopi mbili, moja wabaki nayo, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe urudi nayo. Sekretari akisema "acha tu hapo mezani", omba usaini wake kwenye kitabu cha dispachi. Akikataa kabisa usigombane naye, piga picha barua, itume kwa imeili ya ofisi siku hiyo hiyo na nakala kwa Mshauri wa Wanafunzi, alafu nyingine ipitie posta kwa rejista na ile risiti uitunze.