Kuandaa chembe za mfupa wa ng'ombe kwa majaribio ya kuunganisha pingili za uti wa mgongo wa sungura

Dodoma ng'ombe si tatizo, na mfupa wake ukichomwa inavyotakiwa hubaki haidroksiapataiti, madini ya jamii ileile iliyomo kwenye mifupa yetu. Kibali cha kamati ya maadili kitangulie, na daktari wa mifugo awepo kusimamia nusukaputi na dawa za maumivu.

1. Chukua machinjioni mfupa wa paja wa ng'ombe aliyepita ukaguzi wa nyama. Tunataka ncha zake zenye vitundu. Pale katikati ni pagumu mno, waachie wapika supu.

2. Kata vipande vya sentimita 1, chemsha ukibadilisha maji hadi mafuta yasielee tena. Suuza mwisho kwa maji yaliyokenekwa. Ya bomba hapa yana chumvi, ukibisha chungulia birika lako. Kausha.

3. Hapa usiwe na haraka. Pandisha joto la tanuru nyuzi 5 kwa dakika hadi 900, liache saa 3, kisha vipoe humohumo mlango ukiwa umefungwa. Vipande vitakuwa vyeusi, vya kijivu, halafu vyeupe. Vunja kimoja: kiini kikiwa cha kijivu, kaboni bado imo, rudisha. Ila usipandishe joto sana kwa tamaa ya weupe, maana vitundu vidogo huanza kuziba, na mfupa mpya na mishipa ya damu vinahitaji pa kupenya.

4. Ponda, chekecha, bakiza chembe za milimita 1 hadi 2. Vumbi tupa, huchochea uvimbe. Takasa kwa joto kavu la nyuzi 160, saa 2.

5. Fuata njia ya mtafiti Boden na wenzake ya 1995: pingili ya 5 na ya 6 za kiuno, mbawa za pembeni zikikwanguliwa mpaka zitoe damu, kisha chembe zilazwe juu yake. Sungura wengi wana pingili 7 za kiuno, wengine 6, kwa hiyo hesabu kwenye eksirei kabla ya kupasua. Kundi la kulinganishia lipewe mfupa wa nyonga zao wenyewe. Hata huo huunga kwa takribani theluthi mbili tu ya sungura. Chembe zetu peke yake hazizalishi mfupa, zinaupa njia tu, hivyo changanya na uboho.

6. Wiki ya 6, eksirei itakuhadaa: chembe ni nyeupe kwenye picha tangu siku ya upasuaji. Baada ya mnyama kufishwa bila mateso, toa pingili na uzikunje kwa vidole. Zikicheza, hazijaungana. Anayekunja asijue sungura ni wa kundi gani, na akishaandika jibu lake ndipo sampuli iende kukatwa kwa ajili ya hadubini.