Jinsi ya kutumia modus tollens bila kuteleza

Modus ponens haisumbui mtu. Umepewa "ikiwa P, basi Q", umepewa P, unaandika Q, mambo yamekwisha. Wanafunzi ninaowasimamia kwenye mazoezi ya mantiki huishika kabla sijamaliza kuiandika ubaoni. Nduguye, modus tollens, ndiyo inayonimalizia wino mwekundu, kwa hiyo leo nashughulika na hiyo tu.

Umbo lake ni hili:

Ikiwa P, basi Q.
Si Q.
Kwa hiyo, si P.

P nitaiita sharti, Q nitaiita tokeo. Kabla hujagusa kitu kingine, tambua lipi ni lipi katika sentensi uliyopewa, na usifuate mpangilio wa maneno. "Namba ni shufwa ikiwa inagawanyika kwa 4 bila baki": sharti limekaa mwishoni, kwa sababu sharti ni kile kinachofuata "ikiwa". Lakini ukikuta "ikiwa tu", geuza. "Namba inagawanyika kwa 4 ikiwa tu ni shufwa": hapo ushufwa ndio tokeo. Sentensi hizo mbili zinasema jambo lile lile, na nusu ya makosa ninayosahihisha huanzia hapo, kabla kanuni yenyewe haijatumika.

Kwa nini kanuni ni halali? Chora jedwali la ukweli, yaani orodha ya kila namna P na Q zinavyoweza kuwa kweli au uongo. Lina mistari minne, na kauli nzima "ikiwa P, basi Q" huwa ya uongo katika mstari mmoja tu: ule ambao sharti ni kweli na tokeo ni uongo. Ukishakubali kwamba kauli ni kweli, mstari huo umeufuta. Sasa unaambiwa tokeo ni uongo. Mistari yenye tokeo la uongo ilikuwa miwili, mmoja umeshafutwa, na katika huo uliobaki sharti nalo ni uongo. Ukiliona hilo kwa macho yako, hutahitaji kukariri chochote. (Wastoa, wanafalsafa wa Ugiriki ya kale, karne ya 3 KK, waliihesabu hoja hii kuwa ya pili kati ya hoja tano za msingi zisizohitaji kuthibitishwa. Jedwali hawakuliona.)

Itumie basi. 27 si shufwa. Kwa hiyo 27 haigawanyiki kwa 4. Hukugawanya chochote.

Mtego ni huu: mtu anaona "si" popote pale, anaandika "modus tollens" pembeni na kuendelea. "6 haigawanyiki kwa 4, kwa hiyo 6 si shufwa." Hapo kanusho limeangukia sharti, si tokeo, na 6 yenyewe inakukana. Hoja hiyo potofu huitwa kukanusha sharti. Kanusho likiwa upande wa sharti, weka kalamu chini. Hakuna unachoweza kuhitimisha.

Sharti lenye sehemu mbili linataka uangalifu zaidi. "Ikiwa namba inagawanyika kwa 2 na kwa 3, basi inagawanyika kwa 6." 10 haigawanyiki kwa 6. Unapata nini? Kwamba si kweli kuwa 10 inagawanyika kwa zote mbili. Basi. Ukiandika kwamba haigawanyiki kwa 2 wala kwa 3, umepotoka, maana kwa 2 inagawanyika vizuri kabisa. Sehemu mbili za sharti tukiziita R na S, kwa alama ni ¬(R ∧ S), ambapo ¬ ni "si" na ∧ ni "na", na mabano hayo si pambo.

Tokeo likiwa tayari lina "si" ndani yake, yaani ni "si Q", nawe umepewa Q, mifumo mingine ya uthibitisho hutaka uandike kwanza "si si Q" kwenye mstari wake. Fuata mfumo wa darasa lako.

Mwisho, jipime kwa jaribio la kadi alilobuni mwanasaikolojia Peter Wason miaka ya 1960. Kadi nne ziko mezani: E, K, 4, 7. Kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Kanuni: ikiwa upande mmoja kuna irabu, upande wa pili kuna namba shufwa. Ugeuze zipi ili ujue kama kanuni imevunjwa?

Wengi hugeuza E na 4. Jibu ni E na 7. Kwenye 7 tokeo ni uongo, kwa hiyo nyuma yake hapatakiwi kuwa na irabu, na lazima uhakikishe. Kadi ya 4 iache ilivyo: iwe na A au B nyuma yake, kanuni haivunjiki.