SOMO: Mafuta ya chipsi kuwa biodizeli, anza na lita moja

Somo hili ni la injini za dizeli za zamani zenye pampu ya kawaida, kama Toyota 2L, 3L, 5L na 1HZ. Mwenye gari la komoni-reli (dizeli za kisasa zenye nozeli za umeme na shinikizo kubwa) asijaribu, nozeli zake ni ghali na hazivumilii makosa.

Mafuta ya kula si biodizeli. Kwenye nyuzi 40 ni mazito takriban mara kumi ya dizeli. Ukiyamwaga kwenye tanki hivyo hivyo gari litawaka, lakini nozeli zitamwaga matone badala ya kupuliza ukungu, na ringi za pistoni zitaganda kwa masizi. Kazi yetu ni kuyafanya mepesi kwa kuondoa glisarini.

Mahitaji: mafuta yaliyokwisha kukaangia lita 1, methanoli mililita 200, kostiki soda kavu (ikishagandana, usinunue), alkoholi ya isopropili, fenolfthalini (dawa ya kupimia asidi kwa rangi), bomba la sindano, kipimajoto na mzani unaosoma sehemu ya kumi ya gramu. Pia maji ya betri, yaani maji safi. Asidi ya betri ni kitu kingine kabisa. Tumia vyombo vya chuma cha pua au kioo. Sufuria zetu za kawaida ni za alumini, na kostiki huila.

1. Chuja kwa kitambaa, kisha pasha mpaka nyuzi 110 na yaache kutoa mapovu. Maji yakibaki utapata sabuni.

2. Pima asidi. Hapa ndipo wengi huruka, na hapa ndipo pipa zima huharibikia. Yeyusha gramu 1 ya kostiki kwenye lita 1 ya maji ya betri. Pembeni changanya mililita 1 ya mafuta na mililita 10 za isopropili, weka matone mawili ya fenolfthalini. Dondosha maji ya kostiki kidogo kidogo mpaka rangi ya waridi ikae sekunde 15. Kila mililita uliyotumia ni gramu 1 ya kostiki ya kuongeza juu ya gramu 3.5 za msingi kwa lita ya mafuta. Zikienda mililita 2, kostiki yako ni gramu 5.5 kwa lita. Zikizidi 5, tafuta mafuta mengine.

3. Yeyusha kostiki hiyo ndani ya methanoli, nje ya nyumba, ukiwa na glavu na miwani. Methanoli hupofusha, hupenya ngozi, na mwali wake hauonekani mchana.

4. Mafuta yakiwa nyuzi 55, zima moto kabisa, ndipo umimine mchanganyiko. Methanoli huchemka karibu nyuzi 65. Funika, koroga saa nzima.

5. Acha itulie saa 12 hadi 24. Glisarini nyeusi itakaa chini, itoe.

6. Osha kwa maji ya vuguvugu, nusu ya ujazo wa biodizeli. Mara ya kwanza geuza chombo polepole, usitikise. Rudia mpaka maji yatoke safi, yasiwe kama maziwa, kisha kausha mpaka iwe angavu.

Kuhakiki: mililita 3 za biodizeli ndani ya 27 za methanoli, kwenye nyuzi 20 hivi (kwa joto la Dar, poza kwanza). Mafuta yakitua chini, bado hayajabadilika yote.

MASWALI

Swali: Mkuu, nimeosha ikawa kama uji mweupe. Nimwage?
Jibu: Usimwage. Ni sabuni imeshika maji. Ongeza chumvi kidogo, pasha taratibu, ngoja. Chanzo ni mafuta yenye maji, kostiki iliyozidi, au umetikisa.

Swali: Gari limekosa nguvu siku chache baada ya kuanza kutumia.
Jibu: Angalia filta. Biodizeli hung'oa uchafu uliokaa tankini miaka mingi. Anza na lita 1 kwa 4 za dizeli, tembea na filta mbili za akiba. Kagua pia mipira ya mafuta; raba ya asili hulainika na kuvuja. Weka ya Viton, raba ya kutengenezwa inayovumilia mafuta.

Swali: Huku Njombe mawese yatafaa?
Jibu: Biodizeli ya mawese huanza kuganda karibu nyuzi 15, na asubuhi zenu ni baridi kuliko hapo. Tumia ya alizeti.

Swali: Glisarini nitengenezee sabuni?
Jibu: Ndiyo dada, ila bado ina methanoli. Kwanza ipashwe nje kwenye jiko la umeme, penye upepo, mbali na watoto.