Kufinyanga Kikombe cha Jiko Kinachostahimili Moto

Kikombe cha udongo kinachokaa ndani ya jiko la mkaa hupata mateso ambayo mtungi wa maji hauyajui, kwa maana upande wake wa ndani huiva kwa moto huku wa nje ukiwa bado baridi, na uji ukifurika humwagikia udongo uliokwisha kuwa mwekundu. Anayetafuta ugumu peke yake hukosea: udongo uliobanana sana na kuchomwa kwa moto mkali kupita kiasi huwa mgumu kweli, lakini ufa ukishaanza hupenya hadi mwisho.

Kwa mafundi wa Dodoma, udongo mweusi wa mbugani haufai ukiwa peke yake, kwa sababu huvimba ukilowa na husinyaa ukikauka. Chukua sehemu tatu za udongo wa mfinyanzi, uchanganye na sehemu moja ya vigae vilivyotwangwa na kuchekechwa kwa wavu wa dirisha. Chenga hizo zimekwisha kuchomwa, hivyo hazisinyai tena, na ufa ukizifikia hulazimika kuzizunguka na kupoteza nguvu. Pumba za mpunga kutoka Bahi nazo husaidia, kwani huungua na kuacha vitundu vinavyousimamisha ufa. Ila ziwe kiasi, maana vitundu vikizidi kikombe hushindwa kubeba sufuria. Mchanga mweupe wa mtoni ningeuacha kabisa. Madini yake ya kwatzi hutanuka ghafla kwenye nyuzijoto 573 za Selsiasi na kunywea tena yanapopoa, jambo linaloweza kurudiwa kila jiko linapowashwa.

Kausha kivulini na ufunike midomo ya vikombe kwa magunia, kwani upepo mkavu wa kiangazi hutangulia kuikausha midomo hiyo kabla ya kitako. Tanurini, anza na moto mdogo. Shika kipande cha kioo baridi juu ya tundu la moshi: kikiota ukungu, mvuke bado unatoka, na kuongeza kuni wakati huo ni kuvipasua vikombe. Panda polepole hadi wekundu wa wazi, kwenye nyuzijoto 800 hadi 900, kisha uache tanuri lipoe lenyewe bila kulifungua.

Kabla ya kufinyanga vingi, choma vibao vidogo vya kila mchanganyiko, uvigonge na kusikiliza mlio, uvipashe juu ya makaa, uvinyunyizie maji, halafu uvigonge tena. Mlio ukiwa mzito, ndani mna ufa. Mchanganyiko unaobaki na mlio wake baada ya kurudia mara kadhaa ndio wa kufinyangia.