Mimba iliyopunguzwa vijusi: ya kuandaa kabla miezi ya mwisho haijaingia

Wapo akina mama wanaorudi Kigoma na mimba iliyoanza na vijusi vitatu au vinne baada ya matibabu ya uzazi, kisha madaktari wakavipunguza hadi viwili au kimoja ili watakaobaki wapate nafasi ya kukua. Kupunguza huko kwa kawaida hufanyika kati ya wiki ya 11 na ya 14. Mwezi wa saba ukifika, nyumbani wanaona tumbo tu, na mama anaona heri anyamaze. Mimi ni mkunga. Nyamaza sebuleni ukitaka, ila kliniki sema.

Kabla ya yote, tafuta barua kutoka kwa daktari aliyekuhudumia. Iseme vilianza vijusi vingapi, kilipunguzwa kipi na wiki ya ngapi, na kama waliobaki wana kondo moja au kila mmoja na lake. Hilo la kondo ndilo ninalolitazama kwanza, maana mapacha wa kondo moja wanahitaji utrasaundi za karibu karibu zaidi. Kadi ya kliniki husomwa na yeyote anayeikuta mezani, wifi au mama mkwe, kwa hiyo barua iweke kwenye bahasha yake, uikabidhi mkononi kwa mkunga. Kama kundi lako la damu ni resus hasi, uliza mapema sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako kuishambulia damu ya mtoto. Baada ya kujifungua, ikiwa mtoto ana resus chanya, sindano hiyo huchomwa ndani ya saa 72.

La pili ni mahali. Uchungu wa mimba hii unaweza kuja kabla ya wiki ya 37, hasa wakibaki wawili, hivyo usipange kuzalia zahanati. Panga hospitali yenye chumba cha upasuaji na huduma ya watoto njiti, na kwa wengi wetu hiyo ni Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa. Anayeishi mwambao wa Ziwa Tanganyika, kama Kalya au Kagunga, ambako safari ni ya boti, asingoje uchungu. Kusi ikivuma miezi ya kiangazi, ziwa halimjali mjamzito. Ongea na ndugu wa Ujiji au Mwanga, hapa mjini Kigoma, wakupokee wiki kadhaa kabla, kwa tarehe utakayopewa na daktari. Namba 115 ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, ni ya bure. Iandike kwenye simu yako na ya mumeo, na mjue pia ni nani mwenye boti au gari la karibu.

Uchungu ukianza kabla ya wiki ya 34 nawe ukafika hospitali mapema, unaweza kuchomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto kabla hajazaliwa. Zinahitaji muda kufanya kazi, ndiyo maana nasisitiza saa na si siku. Damu ukeni, maji kuvuja, homa, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, au mtoto kupunguza kucheza: ondoka saa hiyo hiyo kwenda hospitali. Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu usiziguse, zinaweza kupasua kizazi.

Begi ni jepesi: vitenge, mpira wa kuzalia, glavu, pamba, nguo za mtoto, na kanga laini mbili za kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi akizaliwa mdogo. Ndugu wawili wawe tayari kuchangia damu.

Lipo moja ambalo wengi hawaambiwi. Siku ya kujifungua tunalikagua kondo kwenye beseni, na wakati mwingine kijusi kile kilichopunguzwa huonekana pembeni, kimesinyaa na kubanwa bapa. Mama asiyejua hushtuka, na yupo anayelia huku wenzake wanapiga vigelegele. Amua sasa, ukiwa na nguvu zako, kama ungependa kuona au la, na kama mabaki yazikwe na familia. Mwambie mkunga mkiwa wawili tu, aandike kwenye faili lako, ili zamu yoyote itakayokupokea usiku ijue bila kukuuliza mbele ya watu.