Kula Mgahawani Vijijini Toscana Bila Kulala Njaa

Kusini mwa mji wa Siena, Italia, kwenye vilima vya Val d'Orcia, kinachomlaza mgeni njaa ni saa. Jiko huwashwa saa sita na nusu mchana, na kufika saa nane na nusu wapishi wameshavua aproni. Jioni hawaanzi kabla ya saa moja na nusu. Ukitokea saa kumi, utapata kahawa na mkate wa jibini kwenye baa ya kijiji, basi.

Piga simu siku moja kabla. Jumapili mchana familia za wenyeji hujaza meza, kwa hiyo piga mapema zaidi, na kwa sikukuu ya tarehe 15 Agosti wahi wiki kadhaa. Uliza na siku yao ya mapumziko, maana migahawa mingi hufunga siku moja katikati ya wiki. Agriturismo, yaani shamba linalopokea wageni, usiende kabisa bila miadi: mara nyingi hupikwa kwa idadi ya waliojiandikisha.

Gari liache nje ya kuta za mji. Miji ya Siena na San Gimignano ina maeneo ya ZTL, yaani yasiyoruhusu gari lisilo na kibali, yenye kamera zinazosoma namba za magari. Faini huja miezi baadaye, na kampuni ya kukodisha huongeza ada yake juu. Njia nyingi za mashambani ni za changarawe, hivyo ongeza dakika 20 kwenye muda wa ramani ya simu.

Menyu ina antipasto ya kuanzia, primo (tambi au supu), secondo (nyama) na contorno (mboga). Mlo wa hatua mbili unatosha, hakuna atakayekununia. Ila secondo huja nyama tupu. Viazi usipoviagiza, utavisubiri mpaka nyama ipoe. Mkate nao hauna chumvi. Ndivyo unavyookwa huko, ule na pecorino, jibini la maziwa ya kondoo.

Bistecca alla fiorentina, steki nene ya ng'ombe yenye mfupa, ndiyo inayowaliza watu. Bei iliyoandikwa huwa ya kilo au ya etto, yaani gramu 100, na mfupa unapimwa pia. Kipande cha kilo 1.2 kwa euro 5.50 kila etto ni euro 66, chakula cha watu wawili au watatu. Omba uoneshwe uzito kabla haijawekwa motoni. Huletwa mbichi ndani. Kama huiwezi hivyo, agiza nyama nyingine.

Asiyekula nguruwe aulize kila mchuzi. Ragù, mchuzi wa nyama wa tambi, mara nyingi huchanganywa nyama ya nguruwe, na maharage yanaweza kuwa yamepikwa na mafuta yake. Cinghiale ni nguruwe pori; neno hilo litaje peke yake, kwani ukisema "senza maiale" (bila nguruwe) tu, mhudumu anaweza kuelewa nguruwe wa kufugwa pekee.

Bili hailetwi mpaka uiombe: "il conto, per favore." Utakuta coperto, kama euro 2 au 3 kwa kila mtu, kwa ajili ya meza na mkate. Ni halali ikiwa imeandikwa kwenye menyu. Maji ya chupa hulipiwa, bakshishi si lazima.